xv6: exit() yangu inaacha zombi na mzazi kalala fofofo. CPU moja poa, CPU tatu balaa

kijana_wa_michenzani

Assalamu alaykum wadau. Naombeni msaada mana leo siku ya nne mie na exit() tu (fanksheni ya keneli inayomaliza prosesi, yani programu inayoendesha), hata mama kashaanza kuniuliza kama nna deni la mtu.

Najisomea xv6, ile keneli (moyo wa mfumo endeshi) ndogo ya kufundishia ya MIT, toleo la prosesa za RISC-V, naiendesha ndani ya QEMU, kompyuta ya kuigiza, kwenye laptopu yangu. Sina mwalimu wala darasa. Staili yangu ni hii, nikimaliza sura moja ya kitabu chake nachagua fanksheni moja naifuta yote halafu naiandika mwenyewe kwa kichwa bila kuchungulia. fork(), ya kuzaa prosesi mtoto, ilikubali siku ile ile, sleep(), ya kulaza prosesi, ikanitoa jasho lakini ikakubali, exit() ndo imenikwama kama mwiba wa changu.

Mwanzo niliandika na wait_lock ndani kama nnavokumbuka (loki ni kufuli la kuzuia CPU mbili zisiguse kitu kimoja pamoja), nikiwasha tu inapiga paniki, yani keneli inajisimamisha kwa ujumbe, "sched locks". Nikasema basi hii loki ndo mchawi, nikaitoa. Paniki ikaisha. Sasa mwisho wa exit() yangu uko hivi (p ni prosesi inayotoka, reparent() inawapa watoto wake mlezi, wakeup() inaamsha aliolala, ZOMBIE ni alokufa hajaondoshwa, sched() inaachia CPU):

    reparent(p);
    wakeup(p->parent);
    p->xstate = status;
    acquire(&p->lock);
    p->state = ZOMBIE;
    sched();
    panic("zombie exit");

Nikaandika kijiprogramu nikakiita jaribu, kinazaa mtoto kwa fork(), mtoto anatoka hapo hapo, mzazi anamngoja kwa wait(), halafu tena na tena mara 500. Nikiwasha na CPUS=1 inamaliza zote 500 bila kunung'unika. Nikiwasha kawaida, yani CPU 3, inaenda inaenda halafu inaganda. Mara ya 12, mara ya 300, juzi ikamaliza zote nikashangilia peke yangu saa nane za usiku, nikarudia ikaganda ya 41. Hakuna paniki, hakuna ujumbe, kimya. Nikibonyeza Ctrl-P, inayoorodhesha prosesi kwa namba, hali na jina, naona hivi:

    1 sleep  init
    2 sleep  sh
    3 sleep  jaribu
    44 zombie jaribu

Yani mtoto kashakufa na mzazi kalala, wakati wait() kazi yake yote ni kumuona huyo mtoto alokufa. Sasa kalala anangoja nini??

Nikadhani labda mzazi anakwama kwenye loki ya mtoto, nikaachia p->lock kabla ya kuita sched(), ikapiga paniki "sched p->lock". Nikafuta mistari yote ya paniki ndani ya sched() (msinicheke), ikaenda kupiga paniki nyengine mbele, "release", nikaona nikiendelea hivi ntafuta keneli nzima. Nimerudisha kama ilivokuwa.

fundi_wa_darajani

Kaka mbona rahisi, unamwamsha mzazi kabla hujafa. Anaamka, anatazama, haoni maiti, anarudi kulala. Halafu ndo unakufa. Hamisha wakeup() iwe chini ya p->state = ZOMBIE, mstari mmoja tu umemaliza.

kijana_wa_michenzani

Fundi!! Nimefanya hivo na jaribu imemaliza 500 mara tano mfululizo, nilitaka nije kukununulia urojo.

Lakini nikabadilisha jaribu kidogo, badala ya kuzaa mtoto mmoja azae wawili kwa mpigo halafu awangoje wote wawili, ikaganda tena. Na safari hii naisikia feni ya laptopu inavuma kama boti ya asubuhi.

Bi_Keneli

Wa alaykum salaam. Fundi umegusa penyewe ila dawa ulotoa ina sumu ndani yake. Kijana kaa vizuri, ntaandika refu kidogo mana mie mwenyewe jambo hili lilinila wiki mbili nilipokuwa chuo.

Kwanza ugonjwa. wakeup() ichukulie kama mpiga daku. Anapita mtaani mara moja na ngoma yake, anamwamsha aliekwisha kulala, aliekuwa bado macho hamhusu, na wala haandiki popote kwamba kapita. Sasa weye uko macho, unatandika kitanda, ngoma imepita dirishani hujaijali, ukajilaza. Basi tena. Hatorudi. Utaamshwa na adhana ya alfajiri na njaa yako. Ndo kilichomkuta mzazi wako: yuko ndani ya wait(), kashakagua watoto wake, kaona yule mtoto bado anaendesha, anajiandaa kuita sleep() lakini hajaandikwa SLEEPING, na sekunde ile ile kwenye CPU nyengine mtoto anaita wakeup(). Ngoma imepita. Mzazi analala, mtoto anajiandika ZOMBIE, na hakuna tena wa kupiga ngoma. Na ile aloisema Fundi nayo ipo, mzazi kaamshwa kweli ila mapema mno, kakagua, mtoto hajawa ZOMBIE bado, karudi kulala. Matokeo ni yale yale ulioyaona kwenye Ctrl-P.

Sasa kwa nini dawa ya Fundi inaua. wakeup() inapita kwenye jedwali zima la prosesi, nafasi 64, na kila moja (isipokuwa ya yule anaeita) inachukua p->lock yake ndo itazame kama kalala. Ukiiweka chini ya ZOMBIE maana yake unaiita huku umeshika p->lock yako mwenyewe. Mtoto mmoja akitoka peke yake hupati shida. Wakitoka wawili pamoja, huyu kashika yake anataka ya mwenzake, yule kashika yake anataka ya huyu, na loki hizi si za kulala, ni za kuzunguka, kila CPU inauliza "imefunguka? imefunguka?" milele, intarapti (vikatizo, kama kile cha saa) zimezimwa. Ndo hiyo feni yako.

Na utasema basi niachie p->lock kwanza halafu nimwamshe mzazi. Hapo ndo pabaya kuliko pote, na ndo pale ulipofuta zile paniki, jambo ambalo ningekuwa karibu ningekufinya. Zile paniki ni jirani anaekugongea mlango kukwambia jiko linaungua, weye umemfukuza jirani.

Tazama. Ukishajiandika ZOMBIE bado unaendesha. Bado uko ndani ya exit(), unaingia sched(), unasimama juu ya staki yako ya keneli (kumbukumbu ya kazi ya fanksheni zinazoitana), ukurasa mmoja wa baiti 4096. Maiti hajioshi mwenyewe, anahitaji mtu wa nje, na huyo mtu wa nje ni mzazi ndani ya wait(): ndie anaesoma xstate (namba ulotokea nayo), anafuta ukurasa wa trapframe (rejista zako zilizohifadhiwa) na jedwali la kurasa (ramani ya kumbukumbu yako), anaiandika nafasi UNUSED. Sasa ukiachia loki kabla hujashuka kwenye staki, mzazi kwenye CPU nyengine anaiona ZOMBIE, anakuosha na kukuzika ungali unapumua, nafasi inakuwa wazi, fork() inampa mtoto mpya nafasi ile ile na staki ile ile, inamwanzishia juu kabisa ya staki, na weye bado uko mle unaandika vyako. CPU mbili staki moja. Hapo hutopata hata hitilafu ya maana, utapata anwani za ajabu ajabu na utaanza kulaumu kompaila.

Ndo mana p->lock haiachiliwi na exit() kabisa. Unaingia nayo sched(), swtch() inahamia kwenye staki ya skejula (mgawa zamu) ya CPU ile, na skejula ndo inaiachia. Loki imefungwa na mmoja inafunguliwa na mwengine, ukiisoma mara ya kwanza unaona kama makosa. Wewe ulipoiachia mapema skejula ikaja kuachia loki ambayo haijashikwa, ndo ile paniki "release" ulioiona.

Sasa dawa. Ile wait_lock ulomwita mchawi ndo mganga. Iko hivi:

    acquire(&wait_lock);
    reparent(p);
    wakeup(p->parent);
    acquire(&p->lock);
    p->xstate = status;
    p->state = ZOMBIE;
    release(&wait_lock);
    sched();

Utaniuliza mbona wakeup() bado iko juu ya ZOMBIE kama alivyokataza Fundi? Kwa sababu sasa haijalishi. Mzazi anakagua watoto huku ameshika wait_lock, na sleep() inaiachia pale tu ambapo keshashika p->lock yake mwenyewe ya kulalia, kwa hiyo mtoto hawezi kupita katikati ya kukagua na kulala: wakeup() ikimfikia itangoja loki ya mzazi mpaka aandikwe SLEEPING kweli. Na akishaamshwa, kabla sleep() haijarudi inabidi aipate tena wait_lock, ambayo mtoto kaikalia mpaka ajiandike ZOMBIE. Kisha ndani ya wait() anataka na loki ya mtoto, ambayo haitoki mpaka mtoto ashuke kwenye staki. Yani mzazi kila akikimbilia anakuta mlango umefungwa hadi mambo yaive.

Na paniki yako ya kwanza kabisa, "sched locks", nna uhakika ulisahau tu release(&wait_lock). sched() inataka CPU ishike loki moja tu, p->lock, weye ulikuwa nazo mbili. Kwa kukosa mstari mmoja ukabomoa nyumba.

fundi_wa_darajani

Dada nimenyoosha mikono. Mie nazoea upande wa wavuti kuno loki zangu ni za mlango.

Ila suali moja, mbona CPU moja ilikuwa inakubali? Kama mpangilio ni mbovu si ungekuwa mbovu kote?

babu_wa_wete

Hapo niachieni mie. Mbovu kote kote mwanangu, ila kwenye CPU moja nafasi ya kukosea ni nyembamba. Kati ya wakeup() na acquire() hakuna loki, intarapti ziko wazi, saa ikigonga hapo katikati keneli inakubali kumpisha mwengine, mzazi anaingia, anakagua, analala, umekwisha. Saa ya xv6 inagonga kama mara kumi kwa sekunde na mle katikati kuna amri chache za mashine, sasa upate igonge pale pale, ungoje mpaka karafuu zivunwe.

Kijana, irudishe exit() yako ya zamani, ile mbovu, weka kitanzi cha kuzubaa baina ya wakeup() na acquire(), kihesabu mpaka milioni mia mbili hivi, kigezo chake kiwe volatile la sivyo kompaila itakitupa. Washa na CPUS=1. Uje uniambie.

Mie bagi (hitilafu) ya namna hii siiti nimeitengeneza mpaka kwanza niweze kuigandisha kila mara nikitaka. Wengi wanahamisha mistari mpaka ikikubali wanasema alhamdulillah, kumbe wameifanya tu iwe adimu. Halafu inakuja kumgandia mtu mwengine ijumaa jioni.

kijana_wa_michenzani

Shikamoo babu. Nimefanya. CPU moja, kitanzi ndani, imeganda mara ya KWANZA kabisa, ya pili nayo, kila nikiwasha. Yani siku nne natafuta jini kumbe nilikuwa naweza kumwita kwa jina.

Kisha nikaweka mpangilio wa Bi Keneli na kitanzi nikakiacha pale pale makusudi, sasa kiko ndani ya wait_lock. Inaenda pole pole kama punda wa mkokoteni lakini inafika. Nikatoa kitanzi, CPU 3, watoto wawili wawili, mara 500, nikarudia mara ishirini, safi. Nikaendesha na majaribio yanayokuja na xv6, usertests exitwait, na ile ya twochildren, na reparent, zote OK.

babu_wa_wete

Marahaba. Sasa umefanya kazi.

Kitu hichi si cha darasani tu. Miaka ya nyuma nilikuwa natunza seva ya hoteli moja kaskazini ya Unguja, Linux, kulikuwa na programu ya kuchapisha risiti, kila risiti inazaa mtoto, mtoto anachapisha anakufa, na aloiandika hakuita wait() hata mara moja. ps, amri ya kuorodhesha prosesi, inaonesha mistari na mistari ya defunct, yani zombi. Kijana wa zamu akawa anawapiga kill -9 usiku kucha, nikamwambia mwanangu huyo keshakufa utamuua mara ngapi? Zombi hana kumbukumbu wala faili wazi, amebaki jina kwenye jedwali na hati ya kifo inayomngoja mzazi aje kuisaini. Tatizo lilikuwa jedwali, namba za prosesi zilikuwa na mwisho wake 32768, zikijaa fork() inakataa na mapokezi hawapati risiti, wageni wamepanga foleni na mabegi. Tukaizima ile programu mama, watoto wote wakahamia kwa init, prosesi ya kwanza ya mfumo na mlezi wa mayatima, init akawazika kwa dakika. Kisha tukamtafuta mwandishi.

Na Linux nayo ina shida ile ile ya staki alosema Bi Keneli. Anaekufa anaingia kwenye skejula mara ya mwisho, na ile prosesi inayofuata kwenye CPU ile ndo inayomalizia kumwondosha. Hakuna prosesi inayojizika yenyewe kwenye keneli hizi, tangu zile Unix za zamani za miaka ya 70 ambazo xv6 imeigiza.

kijana_wa_michenzani

Babu hapo kwa init umenikumbusha. Nimeendesha ile programu ndogo iitwayo zombie inayokuja na xv6, nikaongeza yangu ambayo mzazi na mtoto wanatoka karibu pamoja, mzazi hamngoji mtoto. Yangu mtoto akifa anabaki zombi kama sekunde kadhaa mpaka nifanye jengine kwenye sheli (sh, pale pa kuandikia amri) ndo anaondoka. Si kila mara.

Bi_Keneli

Leta reparent() yako.

kijana_wa_michenzani

    for(pp = proc; pp < &proc[NPROC]; pp++)
      if(pp->parent == p)
        pp->parent = initproc;

Bi_Keneli

Umempa yatima mlezi hujamwambia mlezi. Kama mtoto alikuwa hai wakati mzazi anakufa hupati shida, akija kufa mwenyewe atamwamsha init. Lakini kama mtoto ALIKUWA KESHAKUFA, zombi anaemngoja mzazi wake, basi ngoma yake alishaipiga zamani na akampigia mzazi wa zamani. init kalala hana habari. Anakuja kumuona siku akiamshwa kwa jambo jengine, ndo hizo "sekunde kadhaa" zako. Ongeza wakeup(initproc) ndani ya ile if, weka na mabano yake. Na reparent() iitwe daima ukiwa umeshika wait_lock, mana pp->parent inalindwa na loki hiyo, si p->lock.

Hebu mtazame init mwenyewe pia, kwenye user/init.c. Kitanzi chake anangoja mtoto yeyote, akiwa ni sheli anawasha nyengine, akiwa yatima anampita tu, hana la kufanya zaidi ya ile wait(). Na ndo mana exit() ya init ni paniki, akifa yeye mayatima watakwenda kwa nani.

kijana_wa_michenzani

Imekubali. Nimeweka mayatima mia, mmoja baada ya mwengine, wote wanaondoka papo hapo, Ctrl-P inaonesha init na sh tu.

Nimefungua sasa ndo nimechungulia exit() ya asili baada ya kumaliza. Inafanana na yetu ila wao wanafunga mafaili na kuachia saraka ya kazi, ile cwd, KABLA ya kushika wait_lock. Mie yangu iput(), ile inayoachia saraka, ilikuwa baada, yani niliirudisha chini niliposhika loki. Haijaganda lakini. Ni bahati au?

babu_wa_wete

Bahati. Kuachia inode (rekodi ya faili au saraka) kunaweza kwenda mpaka kwenye diski, na kwenda diski ni kulala, na kulala huku umeshika loki ya kuzunguka ndo ile "sched locks" yako inarudi. Mara nyingi haiendi diski kwa sababu saraka ina wengine wanaoitumia. Iweke juu, begin_op() kabla yake na end_op() baada, ndo zinazofungua na kufunga kazi ya mafaili.

kijana_wa_michenzani

Nimeipandisha. Jamani nawashukuru, kesho nafuta kill().

Bi_Keneli

Fungua uzi mwengine ukiifuta. Na zile paniki za sched() umezirudisha zote nne?

kijana_wa_michenzani

...tatu. Narudisha ya nne sasa hivi.